Rufaa na malipo ya mwanasaikolojia Australia: tumeipima Better Access na milango mingine

Msemaji wa Kiswahili akimweleza daktari wa familia hapa Australia kwamba halali usiku, moyo unamwenda mbio na hasira haziishi, mara nyingi hutoka na barua ya Better Access, mpango wa Medicare (bima ya afya ya serikali) wa kumwona mwanasaikolojia. Barua hiyo ina manufaa yake. Tatizo ni kwamba hutolewa kama vile ndiyo njia pekee, ilhali hulipia sehemu tu ya gharama, ina kikomo cha vikao 10 kwa mwaka, na haijali kama wewe na mwanasaikolojia mnaelewana lugha. Kuna milango ambako hulipi hata senti na mkalimani yupo tayari, lakini haifunguki hadi uitaje kwa jina.

Kwanza tuondoe kosa moja linalosambaa sana, kwamba lazima uwe na rufaa ili kumwona mwanasaikolojia. Hapa Australia si lazima. Unaweza kupiga simu kliniki leo, ukapanga siku na kulipa mwenyewe. Rufaa inahitajika pale unapotaka mtu mwingine alipe, na kila mlipaji ana karatasi yake. Barua ya Medicare haikubaliki kwa bima ya ajali, na kibali cha bima ya ajali hakina kazi Medicare. Watu wengi hupoteza wiki nzima kwa kubeba karatasi sahihi hadi dirisha lisilo lake.

Better Access inavyofanya kazi

Mpango huu wa Medicare ulianza Novemba 2006. Unapanga miadi na daktari wa familia, na hapo hapo mapokezi unasema unataka miadi ndefu kwa ajili ya "Mental Health Treatment Plan", yaani mpango wako wa matibabu ya afya ya akili. Usiposema hivyo utapewa dakika kumi na tano, daktari atakusikiliza nusu, kisha atakuambia urudi siku nyingine. Mpango ukiandikwa vizuri huchukua dakika 20 hadi 40, wakati mwingine zaidi.

Katika miadi hiyo daktari hukuuliza dalili, dawa unazotumia, historia yako na usalama wako. Wengi hutumia dodoso linaloitwa K10, maswali kumi kuhusu wiki nne zilizopita, yenye alama kuanzia 10 hadi 50. Hapa watu wetu hujipunja. Mtu hajalala mwezi mzima, lakini akiulizwa mbele ya mgeni anajibu "mara chache" kwa sababu ya heshima au woga wa kuitwa kichaa. Alama ikitoka ndogo, daktari anaweza kuona huna haja ya mpango. Jibu kama ilivyo. Kupata alama kubwa hakukupeleki hospitali kwa nguvu, na daktari anabanwa na sheria ya usiri.

Ukitoka unapaswa kuwa na vitu viwili: mpango wenyewe na barua ya rufaa. Isome barua kabla hujaondoka mapokezi. Iwe na jina lako kama lilivyo kwenye kadi ya Medicare, tarehe ya kuzaliwa, dalili au ugonjwa, idadi ya vikao, dawa unazomeza, saini na tarehe. Majina ndiyo yanayoharibu mambo kuliko chochote. Kadi inasoma jina moja, viza jina jingine, barua jina la tatu, na madai ya marejesho yanakwama.

Vikao huja kwa mafungu. Barua ya kwanza haiwezi kuzidi vikao 6. Vikiisha, mwanasaikolojia humwandikia daktari ripoti, nawe unarudi kwa daktari kukaguliwa, kisha unapewa rufaa mpya kwa vikao vilivyobaki hadi kufikia 10 katika mwaka wa kalenda. Kosa la kawaida ni kwenda kikao cha saba bila rufaa ya pili. Medicare haitarejesha kitu, na hata daktari akiandika barua wiki inayofuata, kikao kile kimeshakupita. Panga miadi ya daktari ukiwa kikao cha nne au cha tano, maana nafasi za madaktari nazo hujaa.

Mwaka wa kalenda maana yake ni Januari hadi Desemba, si miezi 12 tangu siku uliyoandikiwa mpango. Aliyeanza Oktoba anaweza kutumia vikao vyake, kisha Januari hesabu ikaanza upya. Vikao ambavyo havijatumika kwenye barua havifi mwaka ukiisha, bali huhesabiwa kwenye 10 za mwaka mpya. Tena huhitaji mpango mpya kila Januari, ingawa kliniki nyingine huwaambia wagonjwa hivyo. Mpango wa zamani unaendelea kufaa mradi daktari aone bado unakidhi hali yako, na kinachohitajika ni rufaa. Ukiwa na shaka umetumia vikao vingapi, piga Services Australia, 132 011.

Kuna badiliko la tarehe 1 Novemba 2025 ambalo kliniki nyingine bado hazijalieleza vizuri. Kuanzia siku hiyo, daktari wa familia anayekuandikia mpango na rufaa lazima awe katika kliniki uliyojiandikisha kwenye MyMedicare (usajili wa mgonjwa na kliniki moja), au awe daktari wako wa kawaida, yaani aliyekutibu kwa sehemu kubwa katika miezi 12 iliyopita au atakayekutibu hivyo katika miezi 12 ijayo. Lengo ni kuzuia wale waliouza mipango ya haraka mtandaoni bila kumjua mgonjwa. Tunaliunga mkono. Lakini kwa familia iliyohama mji juzi ni kikwazo, na suluhisho ni kuchagua daktari mmoja na kubaki naye. Kujiandikisha MyMedicare ni bure, na kwa kawaida wanataka uwe umefika kliniki hiyo ana kwa ana mara mbili katika miezi 24. Wanaokimbia ukatili wa nyumbani na wasio na makazi husamehewa sharti hilo. Daktari wa akili na daktari bingwa wa watoto nao wanaweza kutoa rufaa, na sheria hii mpya haiwagusi.

Pesa

Hapa ndipo sifa za Better Access zinapopungua. Medicare hurejesha kiasi maalumu, na kliniki hutoza itakavyo, kwa kuwa hakuna sheria inayoweka kikomo cha ada. Tangu Julai 2025, kwa kikao cha dakika 50 au zaidi, marejesho ni dola 145.25 kwa mwanasaikolojia wa kitabibu ("clinical psychologist") na dola 98.95 kwa mwanasaikolojia mwingine aliyesajiliwa. Kikao kikiwa kifupi zaidi, marejesho nayo hushuka. Ada ya dola 300 si jambo la kushangaza mijini. Kwa mwanasaikolojia wa kitabibu wa ada hiyo, mfukoni mwako zinatoka dola 154.75 kila kikao, yaani dola 1,547.50 kwa vikao 10. Tena kliniki nyingi hutaka ulipe dola zote 300 kwanza, marejesho yaingie benki baadaye. Usipokuwa umesajili akaunti ya benki Medicare, pesa hiyo hukaa huko ikikungoja.

Uliza mambo mawili kwa simu kabla ya kupanga: ada kamili ni kiasi gani, na pengo baada ya Medicare ni kiasi gani. Kisha uliza kama wana "bulk bill", maana yake kliniki inaidai Medicare moja kwa moja nawe hulipi chochote. Wanasaikolojia wanaofanya hivyo wapo wachache, na foleni zao ni ndefu. Wengine hupunguza ada kwa wenye kadi ya huduma ya afya ya Centrelink (ofisi ya serikali ya misaada ya kifedha), lakini hawatangazi mpaka uwaulize.

Usiamini kwamba wa kitabibu ni bora kila mara. Ana mafunzo ya ziada katika magonjwa makubwa ya akili, na kwa hali kama hizo tungemchagua yeye. Kwa msiba, wasiwasi au ugomvi wa kifamilia uliozidi, mwanasaikolojia wa kawaida anayetoza dola 160 anakuachia pengo la dola 61.05 tu, na kazi anaiweza.

Lipo jambo ambalo madaktari hulisahau: "Medicare Safety Net", kinga ya Medicare kwa wenye matumizi makubwa. Mapengo yako ya mwaka, ya mwanasaikolojia pamoja na ya madaktari nje ya hospitali, yakifikia kiwango fulani, Medicare huanza kukurudishia hadi asilimia 80 ya pengo kwa sehemu iliyobaki ya mwaka. Mtu mmoja huhesabiwa bila kuomba. Familia lazima ijisajili ili matumizi ya baba, mama na watoto yajumlishwe. Wenye kadi za punguzo kiwango chao kiko chini sana kuliko cha wengine. Jisajili Januari, na isichukuliwe kama jambo la kufanya mambo yakishaharibika.

Kuna pia vitu ambavyo barua hii hailipii: ushauri wa ndoa peke yake, ripoti za mahakama au uhamiaji, vipimo virefu vya kujifunza au vya ADHD, na faini ya kukosa miadi. Faini hiyo mara nyingi hutozwa usipotoa taarifa saa 24 au 48 kabla, na kwa baadhi ya kliniki ni ada nzima. Kwa upande mwingine, tangu Machi 2023 vikao viwili kati ya 10 vinaweza kutumika na ndugu au mlezi wa mgonjwa bila mgonjwa kuwepo, kama ni sehemu ya matibabu na mgonjwa ameridhia. Mzazi wa kijana anayejifungia chumbani aulizie hili.

Lugha

Kwa daktari wa familia mkalimani ni bure kupitia TIS, huduma ya ukalimani ya serikali, 131 450, na Kiswahili kipo. Waambie mapokezi unapopanga miadi, si unapofika. Taja lugha hasa unayoizungumza ukiwa na uchungu. Mnyamulenge au Mrundi anayeomba mkalimani wa Kiswahili kwa kuwa anakiongea sokoni anaweza kukosa maneno akifika kwenye mambo ya vita.

Kwa mwanasaikolojia wa kliniki binafsi huduma hiyo ya bure haipatikani kila mahali, na ndiyo kasoro kubwa ya Better Access kwa wasomaji wetu. Kliniki inaweza kukuambia uje na mtu wako. Usije na mwanao. Mtoto wa miaka 14 hapaswi kutafsiri mambo ambayo mama yake ameficha miaka kumi. Hata mkalimani akipatikana, kila sentensi inasemwa mara mbili, kwa hiyo kikao cha dakika 50 kinabaki kama nusu yake, na vikao 10 vinakuwa kama vitano.

Jamii yetu ni ndogo, na mkalimani anaweza kuwa mwimbaji wa kwaya yenu. Omba mkalimani wa simu kutoka jimbo jingine na usitajwe jina. Una haki pia ya kuomba mwanamke au mwanamume, na kumkataa mtu unayemfahamu bila kutoa sababu.

Mlango tunaoupa alama za juu

Kwa mkimbizi au mwombaji hifadhi aliyepitia vita, mateso, kubakwa au kupotelewa na ndugu, mahali pa kuanzia ni huduma maalumu za waathirika wa mateso na kiwewe. Kila jimbo lina yake: STARTTS huko New South Wales, iliyoanza mwaka 1988, Foundation House huko Victoria, iliyoanza 1987, QPASTT huko Queensland, STTARS huko South Australia, ASeTTS huko Western Australia. Hulipi. Mkalimani analipwa na wao. Hawahesabu vikao kwa mtindo wa 6 na 4. Unaweza kujipeleka mwenyewe kwa simu, au mfanyakazi anayesaidia wahamiaji wapya, mwalimu au mchungaji akakupeleka kwa idhini yako. Wahudumu wao hawahitaji kuelezwa kambi ni nini.

Kasoro yao ni foleni. Kusubiri kunaweza kuwa kwa wiki au miezi, na wenye hali mbaya zaidi hutangulizwa. Kwa hiyo jiandikishe huko mara moja, na wakati unasubiri utumie barua ya Better Access au daktari wako. Hakuna kinachokukataza kuwa kwenye foleni mbili.

Milango mingine

Ukitaka msaada bila barua na bila pesa, piga Medicare Mental Health, 1800 595 212. Wanasikiliza, wanapima uzito wa tatizo na kukuelekeza. Vituo vyao vya Medicare Mental Health hupokea watu bila rufaa na bila malipo. Wengi huko si wanasaikolojia bali wauguzi, wafanyakazi wa ustawi na watu waliopitia ugonjwa wenyewe, na tiba yao mara nyingi ni ya muda mfupi. Kwa mtu asiye na daktari wa familia, tunaona ni mahali pazuri kuanzia. Vijana wa miaka 12 hadi 25 waende headspace, vituo vya afya ya akili vya vijana, ambako wanaingia wenyewe.

Kama ugonjwa ulianzia kazini, usitumie vikao vyako vya Medicare. Dai fidia ya kazini. Daktari anaandika cheti cha uwezo wa kufanya kazi, unajaza fomu ya madai, bima ya mwajiri inaamua. Bima ikikubali inalipa mwanasaikolojia kwa viwango vyake, bila ule ukomo wa 10. Victoria wana jambo zuri: wakati dai la majeraha ya akili linachunguzwa, matibabu ya lazima hulipiwa kwa muda hadi wiki 13, hata dai likija kukataliwa. Ila tangu 31 Machi 2024 sheria ya jimbo hilo imebanwa, na uchovu au msongo uliotokana na mambo ya kawaida ya kazi peke yake haukubaliki. Andika tarehe za matukio tangu siku ya kwanza: aliyesema, alisema nini, nani alikuwepo. Madai ya akili huanguka kwa kukosa hayo kuliko kwa kukosa ugonjwa.

Ajali ya barabarani ina bima yake, na huko Victoria TAC, shirika la jimbo la bima hiyo, hailipi kwa kuangalia nani alikosea. Waathirika wa uhalifu, ukiwamo ukatili wa nyumbani, wana mfuko wa jimbo. New South Wales hutoa hadi saa 22 za ushauri bure, na si lazima mhalifu awe ameshtakiwa wala kufungwa. Mlango huu hautumiki inavyostahili na akina mama wa jamii yetu, wengi wakidhani kuomba msaada ni kumfunga mume.

NDIS, mpango wa taifa wa watu wenye ulemavu, hulipia mwanasaikolojia pale tu kazi yake inahusu ulemavu na uwezo wa kuishi siku hadi siku. Kutibu ugonjwa wenyewe hurudishwa kwa mfumo wa afya, kwa hiyo mpango wenye neno "tiba" bila kueleza uwezo gani utaongezeka hukataliwa. Bima binafsi ya afya ya ziada ina kikomo chake cha mwaka, huwa na kipindi cha kusubiri, na huwezi kudai bima na Medicare kwa kikao kimoja. Kazi yake nzuri ni baada ya vikao 10 kuisha. Waajiri wakubwa wana vikao vichache vya bure kwa wafanyakazi, bila rufaa, na mwajiri hapewi yaliyosemwa.

Mwanafunzi wa kimataifa hana Medicare. Bima yake ya kawaida ya OSHC, yaani bima ya afya ya wanafunzi wa kigeni, hulipia daktari na daktari wa akili, lakini mwanasaikolojia kwa kawaida hayumo. Atumie washauri wa chuo, ambao ni bure kwa wanafunzi. Kliniki za mafunzo za vyuo vikuu hupokea watu wa nje pia kwa ada ndogo. Anayekuhudumia ni mwanafunzi wa shahada ya juu chini ya msimamizi, na tiba ni ya taratibu na makini, ila kliniki hufungwa wakati wa likizo.

Kabla hujalipa

Mtafute kwa jina kwenye daftari la AHPRA, mamlaka inayosajili wataalamu wa afya, mtandaoni. Jina "psychologist" linalindwa na sheria, lakini mtu yeyote anaweza kujiita mshauri ("counsellor") au mtoa tiba ya mazungumzo ("psychotherapist"), na marejesho ya Better Access hayapatikani kwake. Kanisani na WhatsApp wapo wanaojitangaza hivyo. Mwanasaikolojia aliye mafunzoni naye yupo kwenye daftari, lakini Medicare haimlipii.

Anayetaka kununua bima ya maisha ajue kwamba kampuni huweza kuuliza kama umewahi kutibiwa akili, na kuficha kunaweza kuharibu dai baadaye. Baadhi ya watu hulipa mfukoni ili wasiwe na rekodi Medicare. Hatuoni kwamba inafaa: swali la bima huhusu matibabu, si Medicare, kwa hiyo jibu halibadiliki.

Usipopatana na mwanasaikolojia baada ya vikao viwili au vitatu, huanzi upya kwa daktari. Vikao vilivyobaki kwenye barua unaweza kuvipeleka kwa mwingine, hata kama barua imemtaja wa kwanza. Omba nakala ya barua, mpe wa pili, na mwambie umeshatumia vingapi. Na kama hali ni ya hatari sasa hivi, yote haya yanasubiri: piga 000 (dharura), au Lifeline, simu ya msaada wakati wa hatari, 13 11 14. Ukitaka mkalimani, anza na TIS 131 450 na uombe wakuunganishe na Lifeline.